Mosocho: Ng'ombe Waliozima Kisasi

Wazee wa Kisii wana msemo: tunaooana nao ndio tunaopigana nao. Huku Mosocho, kwa Wagetutu, msemo huo haukuwa mzaha. Zamani vijana walilala katika ebisarate, kambi za ng'ombe, mikuki ikiwa karibu. Aliyeuawa na watu wa ukoo mwingine alilipiziwa kwa damu.

Lakini damu ilipomwagika baina ya nyumba mbili za ukoo mmoja, wazee waliingia kati. Jamaa wa muuaji walitoa ng'ombe, na kwa ng'ombe hao marehemu akaolewa mke. Watoto waliozaliwa walikuwa wake. Jina halikufa, kisasi kikazimika.

Waingereza walikuja na bunduki mwaka 1905 na tena 1908, kisha wakavunja ebisarate na kuleta mahakama zao. Muuaji alifungwa au kunyongwa. Nyumba ya marehemu ikabaki tupu.

Siku hizi majirani hugombana kwa mpaka wa shamba. Ng'ombe huzaa, shamba hugawanywa tu. Msajili wa ardhi ataonyesha mpaka ulipo, lakini kuwakalisha mahasimu wale pamoja bado ni kazi ya wazee.