Kabla ng'ombe hawajauzwa

Juma lililopita niliitwa kwenye kikao cha ukoo pale Kikuyu, hapa mjini Dodoma. Mpwa wangu, ambaye tayari ana leseni ya rubani binafsi ya ndege ndogo za mabawa, anataka kwenda ng'ambo kusomea helikopta. Juu ya meza palikuwa na vitabu vya matangazo kutoka vyuo vitatu, vyote vya rangi za kupendeza, na vyote vikionyesha vijana wanaocheka wakiwa wamevaa miwani ya jua. Shemeji yangu aliniuliza swali moja tu: "Niuze ng'ombe, au nisiuze?"

Sikumjibu papo hapo. Nilimwambia tuulize kwanza maswali machache. Nayaleta kwenu leo kwa sababu najua shemeji hayuko peke yake.

Watu wa mjini hapa si wageni wa mambo ya anga. Mwaka 1932, ndege za Imperial Airways zilipoanza safari za kutoka Misri hadi Cape Town, Dodoma ilikuwa kituo kimojawapo, kati ya Moshi na Mbeya. Helikopta nayo tumeizoea. Tuliiona ikizunguka katika kampeni za uchaguzi mwaka 2005, na vijana wakaanza kuiita chopa. Hufanya pia kazi kubwa zaidi ya hiyo: kubeba wagonjwa, kuokoa wapanda mlima, kulinda wanyama. Na ni kazi ya hatari. Januari 2016 rubani Mwingereza, Roger Gower, alipigwa risasi na majangili akiwa angani katika pori la Maswa, akafariki dunia. Kwa hiyo anayekwenda kujifunza kazi hii asidhani anakwenda kununua miwani ya jua.

Swali la kwanza ni hili: leseni utakayorudi nayo itatambuliwa nyumbani? Nchi zilizotia saini mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 hufuata viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Kwa viwango hivyo, leseni ya urubani wa biashara wa helikopta huhitaji saa 150 za kuruka, au 100 kama mafunzo yote yamefanyika katika mpango ulioidhinishwa. Lakini leseni ya nchi nyingine haikupi ruhusa ya kufanya kazi hapa kwa kushuka tu uwanjani nayo mfukoni. Lazima uipeleke kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Basi njia ya busara ni kwenda kwa Mamlaka hiyo kabla ya safari, na kuuliza kwa maandishi mambo mawili. La kwanza, mafunzo ya chuo fulani yatapokelewaje, na ni mitihani gani itabaki. La pili, katika saa ambazo kijana ameshazirusha kwa ndege ya mabawa, ni ngapi zitahesabiwa, maana si zote zinazohamia kwenye helikopta.

Hapo hapo, apimwe afya ya daraja la kwanza, ile inayotakiwa kwa rubani wa biashara. Ni uchungu mkubwa kulipa ada, kupanda ndege, kisha daktari wa huko akakwambia macho au moyo haviruhusu. Kipimo hicho kitangulie kabla hata ndama mmoja hajatoka zizini.

Swali la pili ni la hewa. Wengi hawaliulizi, na kwetu sisi wa nyanda za kati ndilo kubwa. Uwanja wa ndege wa Dodoma uko futi 3,673 juu ya usawa wa bahari, yaani karibu meta 1,120. Mchana wa Oktoba au Novemba, kabla mvua hazijaanza, joto likifika nyuzi 31, hewa hutanuka na kuwa nyepesi. Ukipiga hesabu wanayoitumia marubani, utakuta kwamba helikopta pale uwanjani hufanya kazi kana kwamba iko karibu futi 6,400. Mapanga yake hushika hewa kidogo, na injini ya kawaida hupoteza sehemu ya nguvu. Mzigo uliobebwa kwa urahisi asubuhi Dar es Salaam unaweza kukataa kuinuka mchana Dodoma.

Sasa mchukue kijana aliyefundishwa Florida, kule Marekani, ambako ardhi iko karibu sawa na bahari. Joto atalijua, lakini nyanda za juu atazisoma kitabuni. Mwenzake aliyejifunzia uwanja wa Wilson, Nairobi, au uwanja wa Rand karibu na Johannesburg, ambavyo vyote viko juu ya futi 5,000, amekutana na hewa nyepesi tangu siku ya kwanza. Sisemi Florida ni pabaya. Nasema anayekwenda huko aulize: je, chuo kitanipeleka milimani nikafanye mazoezi?

Swali la tatu ni la chombo chenyewe. Vyuo vingi hufundishia Robinson R22, helikopta ya viti viwili iliyoanza kuuzwa mwaka 1979. Ni ya bei nafuu, lakini ni nyepesi na mapanga yake hupoteza mzunguko haraka. Injini ikizimika, rubani hana budi kushusha mkono wa kushoto mara moja, ili upepo unaopanda kutoka chini uendelee kuyazungusha mapanga, kama kile kipangaboi cha karatasi ambacho watoto hukimbia nacho. Akichelewa sekunde mbili, mambo yameharibika. Kwa sababu ya ajali za aina hiyo na nyingine, Marekani ilitunga kanuni maalumu mwaka 1995 kwa marubani wa R22 na R44. Kwa hiyo uliza: zoezi la kushuka bila injini hufanyika mara ngapi, na mwalimu ana saa ngapi? Uliza pia kama utapata angalau saa chache katika helikopta yenye injini ya turbini, maana nyingi zinazofanya kazi za utalii na uokoaji ni za aina hiyo.

Swali la nne ni la fedha, na hapa naomba radhi nizungumze kwa uchungu kidogo. Zamani kidogo, sisi ndugu tulimchangia mdogo wangu aende ng'ambo kusomea ufundi wa ndege. Chuo, ambacho sitakitaja, kilidai ada yote siku ya kwanza. Baba akauza shamba la zabibu. Baada ya miezi minane mdogo wangu alirudi bila cheti, kwa kuwa walimu walikuwa wameondoka mmoja mmoja na fedha hazikurudishwa. Baba hakumlaumu hata siku moja. Lakini kila msimu wa mavuno alikuwa akipita njia nyingine, asilione lile shamba.

Msidhani hayo ni ya masikini tu. Februari 2008, kampuni ya Silver State Helicopters, yenye makao karibu na Las Vegas, Marekani, ilifunga milango ghafla na kuomba kufilisiwa. Wanafunzi zaidi ya elfu mbili waliachwa njiani. Wengi walikuwa wamekopa karibu dola 70,000, na mkopo ukabaki shingoni mwao ingawa mafunzo yalikuwa yamekufa. Somo lake ni rahisi: lipa kwa awamu, kadiri unavyoruka. Chuo kikikwambia ulipe yote leo upate punguzo, jiulize kwa nini kina haraka ya fedha zako.

Swali la tano: baada ya cheti, je? Mwenye saa 150 ana leseni, lakini waajiri wengi hutaka rubani mwenye saa nyingi zaidi. Marekani vijana huzitafuta kwa kufundisha wenzao, lakini ile kanuni ya 1995 inamtaka mwalimu wa R22 awe na saa 200 za helikopta, na 50 kati ya hizo ziwe katika R22 yenyewe. Tena viza ya mwanafunzi haimpi mgeni uhuru wa kuajiriwa apendavyo. Bila mpango wa saa hizo, kijana anaweza kurudi na leseni akaitundika ukutani kama picha ya harusi.

Baada ya maswali hayo kikao kilinyamaza. Kisha mpwa wangu akasema, "Mjomba, mbona kama unanikatisha tamaa?" Nikamwambia hapana, mwanangu; nakutaka urudi na kazi, si na hadithi.

Tuliafikiana hivi. Kwanza atakwenda kupimwa afya na kubisha hodi kwa Mamlaka. Pili, ataviandikia vyuo vyote vitatu maswali haya, na kitakachokataa kujibu kwa maandishi tutakiondoa mezani. Tatu, ataomba anwani za Waafrika wawili waliomaliza hapo, awaulize wanafanya kazi wapi leo. Shemeji atauza ng'ombe watatu tu kwa hatua hizo, na waliobaki watasubiri majibu zizini.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Angani haraka huua, na hapa chini hufilisi. Ndugu yangu, ukiwa na kijana anayetazama juu kila chopa inapopita, usimvunje moyo. Kaa naye, kalamu mkononi, muandike maswali.

Hadi juma lijalo, nawatakia kazi njema.