Kishale Kinaporuka na Kukwama: Maelezo kwa Makatibu Wenye Kompyuta Mpya

Vyama vingi vya msingi katika ukanda wa Ziwa Viktoria vimeacha kutegemea daftari peke yake. Tangu Tume ya Maendeleo ya Ushirika ilipoleta Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, ambao kwa kifupi huitwa MUVU, katibu asiye na kompyuta mpakato hupata taabu kubwa kutimiza wajibu wake. Mashine hiyo hununuliwa kwa fedha ya wanachama, na aghalabu huwa ndicho kifaa cha thamani kuliko vyote vilivyomo ofisini baada ya mizani. Kwa hiyo mashine mpya inapoanza kusumbua, manung'uniko hayachelewi, na lawama humwangukia katibu kwanza.

Usumbufu unaotajwa mara kwa mara ni huu. Kishale, yaani ile alama ndogo inayotembea juu ya kioo kufuata kidole, huanza kwenda kwa kushtukashtuka. Huruka kutoka pembe moja hadi nyingine bila kuamriwa. Au husimama kabisa. Kidole kinasukuma, kishale hakisogei. Kibao cha kugusia, ambacho wengi hukiita tachipedi, huonekana kama kimekufa, kisha baada ya muda hufufuka chenyewe.

Chukulia katibu aliyenunua kompyuta yake mjini Mwanza na kuipeleka ofisini Mkuyuni. Dukani ilifanya kazi barabara. Ofisini aliichomeka ukutani, akafungua jedwali la hesabu, na kishale kikaanza kucheza. Akairudisha dukani kwa hasira. Muuzaji akaiwasha juu ya meza, ikatii kila kitu. Katibu akaonekana mzushi. Lakini wote wawili walisema kweli. Dukani mashine iliwashwa kwa betri yake, na ofisini iliwashwa ikiwa imeunganishwa na chaja. Tofauti hiyo moja ndiyo inayostahili kuchunguzwa kabla ya nyingine zote.

Ili jambo hili lieleweke, yafaa kujua kibao cha kugusia kinavyofanya kazi. Chini ya ule uso laini umetandazwa wavu wa nyuzi nyembamba zinazopitisha umeme, nazo hujenga uga hafifu wa umeme juu ya kibao. Mwili wa mwanadamu hupitisha umeme. Kwa hiyo kidole kinapokaribia, hubadilisha kidogo hali ya uga huo mahali pale kilipo. Kibao hupima badiliko hilo mara nyingi katika kila sekunde, na kutokana na vipimo hivyo mashine hujua kidole kimefika wapi. Nguvu ya mkandamizo si kitu. Ndiyo maana ncha ya kalamu ya mbao haisogezi kishale hata ikikandamizwa vipi. Ufundi huu ulienea baada ya kampuni ya Apple kuutia katika kompyuta zake za PowerBook mwaka 1994. Kipimo chenyewe ni kidogo mno, na kwa sababu hiyo huvurugwa kwa urahisi na umeme mwingine unaozagaa katika mashine.

Umeme huo hutoka wapi? Chaja hupokea umeme wa volti 230 kutoka ukutani na kuupunguza kwa kuukatakata kwa kasi kubwa. Katika kazi hiyo kiasi kidogo sana cha umeme huvuja na kuelekea upande wa kompyuta. Endapo chaja imeunganishwa na waya wa ethi, ule wa kijani na njano, umeme huo hushuka ardhini na mambo huisha. Ethi ikikosekana, hubaki ukielea juu ya mwili wa kompyuta, na kibao hushindwa kutofautisha kidole na mchafuko huo. Dalili yake hujulikana: mkono ukipitishwa polepole juu ya kifuniko cha chuma, mtu huhisi kama anatambaliwa na sisimizi.

Uchunguzi wake hauhitaji fundi wala gharama. Katibu na achomoe chaja, afanye kazi kwa betri kwa dakika kumi. Kishale kikitulia, na kikarudia fujo mara chaja inapochomekwa, sababu imepatikana, na si kosa la kibao. Hatua inayofuata ni kujaribu chaja hiyohiyo katika nyumba nyingine yenye nyaya mpya, ili ijulikane kama kasoro ni ya chaja au ya ukuta.

Hapa inafaa kutaja tabia moja mbaya iliyozagaa: kuchomeka plagi ya meno matatu katika adapta ya meno mawili, au kuling'oa jino la tatu ili plagi ipate kuingia. Jino hilo ndilo la ethi. Anayeling'oa ameikata njia ya umeme unaovuja, na pia ameondoa kinga ya mtumiaji. Kuna chaja nyingine ambazo jino la tatu ni la plastiki tupu, limewekwa kufungua tundu la soketi tu. Hizo hazina ethi hata zikichomekwa mahali pema kiasi gani.

Kwa upande wa nyumba, Mwanza ina shida yake. Mji umejengwa juu ya miamba, na fimbo ya ethi yapaswa kupigiliwa katika udongo wenye unyevu. Mahali ambapo mwamba uko karibu, fimbo huingia kidogo tu, nayo haifanyi kazi ipasavyo hasa wakati wa kiangazi. Ofisi zilizo bondeni karibu na ziwa zina nafasi nzuri zaidi kuliko zile za vilimani, ila udongo mzuri haumfai mtu ambaye nyumba yake haikufungwa ethi tangu mwanzo. Chama kinachopanga nyumba kina haki ya kumtaka mwenye nyumba aonyeshe ethi ilipo, na kupimwa kwake ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni. Vyama vya vijijini vinavyotumia umeme wa jua navyo visijione vimesalimika, kwa maana inveta za bei nafuu hutoa umeme usio laini, ambao huzidisha fujo hiyohiyo. Kwa mashine iliyo katika hali hiyo, dawa nyepesi ni kujaza betri kwanza, kisha kuchomoa chaja na kufanya kazi.

Iwapo kishale huruka hata kwenye betri, sababu itafutwe kwingine, na ya kwanza ni ndogo hata huchekesha: karatasi ya nailoni iliyobandikwa kiwandani kuzuia mikwaruzo, ambayo wengine huiacha makusudi ili mashine iendelee kuonekana mpya. Na ibanduliwe. Mikono yenye jasho, maji au mafuta huleta matokeo yaleyale. Anayepokea fedha kwa wachuuzi wa samaki na dagaa hana budi kujifuta kwanza, na kibao kifutwe kwa kitambaa kikavu, mashine ikiwa imezimwa.

Vilevile kuna hali inayodhaniwa kuwa ugonjwa ilhali ni tabia ya mashine. Kompyuta nyingi hukizuia kibao kwa muda mfupi mara baada ya herufi kubonyezwa, ili kiganja kisisogeze kishale kwa bahati mbaya. Mtu aandikaye tarakimu na kukimbilia kibao papo hapo huona kimekwama. Akingoja kidogo, kitaitika. Tena baadhi ya kibodi zina kitufe cha safu ya juu chenye picha ndogo ya kibao; kikibonyezwa pamoja na Fn, kibao huzimwa kabisa mpaka kibonyezwe tena.

Kukwama ni jambo tofauti na kuruka. Linalotakiwa kujulikana mapema ni kama kilichokwama ni kibao peke yake au mashine nzima. Bonyeza Caps Lock: taa yake ikiwaka na kuzimika, mashine i hai. Chomeka kipanya cha waya: kikisogeza kishale vizuri, ila iko kwenye kibao au kwenye draiva, yaani ile programu ndogo inayotafsiri lugha ya kibao kwa mashine. Lakini kama taa haiitiki na saa ya pembeni imesimama, basi mashine nzima imezidiwa.

Kwa kompyuta mpya kuzidiwa huko katika siku za mwanzo si ajabu. Mara inapopata intaneti huanza kushusha masasisho, kukagua virusi na kupanga mafaili, yote kwa wakati mmoja. Yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 huhema kama mzee anayepanda kilima cha Bugando. Na iachwe usiku mmoja ikiwa kwenye umeme na mtandao, imalize. Chama kinachoogopa gharama ya bando na kuzima intaneti kila mara hurefusha taabu hiyo kwa majuma.

Baada ya masasisho, iwashwe upya. Katika Windows 10 na 11 penye neno "Shut down" mashine kwa kawaida haizimiki yote. Huhifadhi sehemu ya hali yake ili iwake upesi kesho, na kasoro ya jana huamka nayo. Penye neno "Restart" ndipo kila kitu huanzishwa upya. Makatibu wengi wamezima na kuwasha mara kumi bila nafuu kwa kutojua tofauti hii. Kibao kikiendelea kusinzia, draiva itafutwe katika tovuti ya mtengenezaji wa mashine, kwa namba ya modeli iliyoandikwa chini yake, wala si katika tovuti yoyote inayojitokeza. Katika orodha ya vifaa iitwayo "Device Manager" hutokea pia ruhusa ya kuzima kifaa ili kuokoa umeme; kama ruhusa hiyo ipo kwa kibao, iondolewe. Kusasisha programu ya msingi, ile iitwayo bayosi, kusifanywe siku ambayo umeme unakatikakatika, kwani ukikatika katikati ya kazi hiyo mashine yaweza isiwake tena.

Yote hayo yangekuwa usumbufu tu, kama si hesabu za watu. Wakati wa msimu wa pamba katibu huingiza uzito wa mkulima mmoja baada ya mwingine. Kishale kikiruka katikati ya tarakimu, kilo 48 huweza kuwa 148, au kuandikwa katika mstari wa jirani. Kwa bei ya mfano ya shilingi 1,000 kwa kilo, hiyo ni shilingi 100,000 zilizohamia kwa asiyestahili. Kibao kinachoshtuka pia huburuta kisanduku kizima cha jedwali na kukibwaga juu ya kingine, kikafuta kilichokuwamo. Mkaguzi atakapokuja hatauliza habari za ethi.

Kwa hiyo, mpaka mashine ipone, katibu na atumie kipanya, nacho hakigharimu fedha nyingi. Ahame kutoka kisanduku hadi kisanduku kwa Tab na vitufe vya mishale, aondoe mikono juu ya kibao, ahifadhi kazi kwa Ctrl na S kila baada ya majina machache, na arudishe kosa lililoonekana papo hapo kwa Ctrl na Z. Kila baada ya stakabadhi ishirini jumla ya jedwali ilinganishwe na jumla ya kitabu cha mizani. Tofauti ikionekana, itatafutwa ndani ya majina ishirini badala ya mia nne. Stakabadhi za karatasi zisitupwe kwa kuwa kompyuta imefika.

Ikiwa kipanya chatembea vizuri, betri imejaribiwa, draiva imewekwa upya, na kibao bado chakwama, hapo mashine ni ya kurudishwa kwa muuzaji ndani ya muda wa dhamana. Isifunguliwe na fundi wa mtaani kwanza, maana lakiri iliyokatwa humpa muuzaji sababu ya kukataa. Ipelekwe pamoja na risiti, chaja yake yenyewe, na karatasi iliyoandikwa siku na saa kishale kilipokwama na kama chaja ilikuwa imechomekwa. Na halmashauri itakayotuma mtu kununua nyingine imwagize akae nayo dukani nusu saa, ikiwa imechomekwa ukutani, akiandika tarakimu katika jedwali, kabla fedha haijatoka mfukoni.