Kansere ya damu: kungoja grefe, nayo ni kazi

Siku munganga anataja neno "grefe", jamaa nyingi hapa Lubumbashi zinasikia "kupona". Nasi tulisikia vile. Mudogo wetu ana miaka 19 na lesemia, ni kusema kansere ya damu. Ile jioni tulianza kuuliza bei ya tikiti za ndege, na wajomba wakataja kiwanja cha kuuzisha. Lakini munganga alikuwa ametanguliza neno lingine: labda. Tangu pale tunaishi ndani ya hiyo labda, na tunaandika juu ya wale wenye kuishi humo pamoja nasi.

Grefe ni nini

Ndani ya mifupa kuna kitu laini chenye kuitwa uboho. Mule munaishi chembe-mama, zile zenye kuzaa damu yote: nyekundu, nyeupe yenye kupigana na magonjwa, na vile vipande vidogo vyenye kuzuia damu isiendelee kutoka. Lesemia inaharibu hicho kiwanda. Wanganga wanakifagia kwa dawa kali, kisha wanaingiza chembe-mama za mutu muzima kupitia mushipa, sawa vile wanatia mutu damu. Mugonjwa hapasuliwe. Kwa kansere ingine, kama myeloma, mara nyingi wanatumia chembe za mugonjwa mwenyewe, zilizochungwa mbele ya dawa kali.

Juu ya nini basi "labda"? Sababu ugonjwa unapaswa kwanza kurudishwa nyuma kwa kimioterapi. Moyo, maini na mapafu vinapaswa kuwa na nguvu. Mutu wa kutoa anapaswa kupatikana. Na wagonjwa wengine hawahitaji grefe hata kidogo: tangu dawa ya imatinib itoke mwaka wa 2001, watu wengi wenye lesemia ya polepole wanaishi miaka mingi kwa vidonge tu. Mutu akiambiwa "tungoje kwanza", haiko kusema wamemutupa.

Ndugu ni nani?

Swali hili ndilo lilitusumbua zaidi. Kwetu watoto wote wa nyumba ni ndugu, hata mama wakiwa wawili. Hatuhesabu. Munganga, yeye, alihesabu: "Wa baba mumoja na mama mumoja ni wangapi?" Nyumba ikanyamaza.

Alituelezea vizuri. Kila mutu ana alama katika chembe zake, nusu kutoka kwa baba, nusu kutoka kwa mama. Kila ndugu wa baba na mama mamoja ana bahati 1 juu ya 4 ya kupatana kabisa na mugonjwa. Wanaweza kuwa watano na wote wakakosa, na haiko kosa la mutu. Grupu ya damu haiko ndiyo yenye kuamua: mwenye O anaweza kumupa mwenye A, na nyuma ya grefe damu ya mugonjwa inageuka kuwa grupu ya yule aliyemupa. Leo wanganga wanatumia pia baba, mama ao mutoto wa mugonjwa, wenye kupatana naye nusu.

Yaya wetu aliogopa. "Batanikata mufupa, nitatembea je?" Hapana. Mara nyingi wanamutoboa mutoaji shindano kwa siku chache ili chembe-mama zitoke na kuingia katika damu, kisha mashini inazichuja kutoka mukono mumoja na kurudisha damu katika mukono mwingine. Ao wanazivuta katika mufupa wa kiuno, amelala usingizi wa dawa. Mwili unajaza tena kile kilichotoka.

Ikikosa nyumbani, wanatafuta kwa watu wasiojulikana. Duniani kuna watu zaidi ya milioni 40 waliojiandikisha kutoa, lakini Waafrika ni wachache sana. Hata kule Marekani, mugonjwa mweusi ana karibu nafasi 29 juu ya 100 ya kupata mwenye kupatana naye kabisa, na muzungu ana 79. Afrika ya Kusini ina orodha yake tangu 1991. Tanzania, hospitali ya Muhimbili ilianza grefe mwaka wa 2021, kwa chembe za wagonjwa wenyewe. Wengi wa hapa wanatazama India. Kila mahali, ni dolari maelfu na maelfu.

Kazi ya kila siku

Wakati tunangoja, kuna mambo tuliyojifunza. Homa ikifika 38, hatungojee asubuhi, hatutafute kwanza paracetamol: tunaenda ku hospitali hata saa nane ya usiku, sababu damu nyeupe ya kumulinda ni kidogo. Maji tunachemusha. Mwenye kukohoa anamusalimia kwa telefone. Ku kilio haende, na shangazi mumoja alikasirika mbele ya kuelewa.

Jambo moja linashangaza: ndugu mwenye kuweza kutoa chembe-mama asimutolee mugonjwa damu mbele ya grefe, sababu mwili wa mugonjwa unaweza kujifunza kumukataa. Muulize munganga wenu. Basi damu itolewe na wengine: marafiki, majirani, wanakwaya. Kwetu kwaya ilileta watu saba.

Mudogo wetu anasoma kwa ajili ya diplome yake. Siku ingine anasoma kurasa mbili na kulala. Kuna jioni anatuuliza: "Na ikikosa?" Mwanzoni tulimujibu kwa maombi na kelele. Sasa tunakaa chini, tunamuambia kweli: hatujui, lakini dawa ya wiki hii iko, na damu ya kesho imepatikana.

Kwa hiyo, wewe mwenye kusoma, kama uko na jirani katika hali hii, usimuulize tu kama grefe imefika. Uliza grupu ya damu wanayotafuta, na siku gani.