Pampu ya Gari la Zimamoto

Gari la zimamoto hubeba tangi la maji. Lakini maji hayo hayadumu. Tangi la lita 4,000 likitoa lita 1,000 kwa dakika, huisha kwa dakika 4 tu. Baada ya hapo askari hutafuta maji mtoni au bwawani.

Pampu huzungushwa na injini ya gari. Kabla ya kuvuta maji, hewa iliyomo ndani ya pampu na mpira wa kunyonyea lazima itolewe. Ndipo hewa ya nje husukuma maji yakapanda. Kiungo kikivuja, maji hayapandi. Yakiwa chini zaidi ya mita 8, pia hayapandi vizuri.

Mdomo wa mpira huwekwa chujio. Chujio lizame majini, lakini lisiguse matope, kwa maana mchanga hula pampu. Kazi ikiisha, pampu husafishwa kwa maji safi. Tena hujaribiwa mara kwa mara, kabla moto haujatokea.

Nasi wanakijiji tuna kazi yetu. Njia ya bwawani ipitike kwa gari kubwa. Moto ukitokea hapa Tanzania, piga simu namba 114. Kisha mtu mmoja asimame njiani, awaonyeshe askari penye moto na penye maji.