Chai Hupikwa

Mtu wa pwani akikuambia kwamba anakwenda hotelini kunywa chai, usidhani kwamba ameshikwa na kiu. Huenda anakwenda kula, kwa kuwa alitoka nyumbani alfajiri bila ya staftahi. Huenda ana miadi na mtu wa biashara ambaye bado hajawa mwandani wa kukaribishwa nyumbani. Ama huenda, na hili ndilo la aghalabu, anataka kuketi tu chini ya pangaboi mpaka jua la mchana lipunguze ukali wake, asikilize habari za mji na kuamkiana na watu, na chai ile nzito, tamu, yenye moto wa kuunguza ulimi, iwe ndiyo kodi ya kiti alichokikalia. Kwa sababu hiyo haiwezekani kuieleza chai ya mjini pasipo kuieleza nyumba inamouzwa, wala nyumba hiyo haielezeki mpaka jiko lake lieleweke. Maana hoja yangu katika makala haya ni moja, nayo ni kwamba chai ya watu wetu hupikwa, na popote inapoacha kupikwa hugeuka kuwa kitu kingine, hata kikombe kiwe cha kaure na bei iwe maradufu.

Mifano yangu mingi nitaitoa Mombasa. Kuanzia Bondeni hadi Makadara, na katika vichochoro vya Kibokoni vinavyokaribia Ngome ya Yesu, hoteli za zamani zimefanana kiasi kwamba aliyeijua moja hapotei katika nyingine. Mlangoni pana kabati la kioo lenye sambusa, katlesi, viazi vya karai na mahamri. Kando yake ameketi mwenye mali au mwanawe, mkono wake haubanduki penye droo ya fedha. Ukutani pana aya ya Kurani iliyotiwa fremu, picha ya rais, na kalenda ya muuza unga ambayo pengine ni ya mwaka uliopita. Na mwisho wa ukumbi pana beseni la kunawia mikono, ambalo mwenyeji hulitazama kabla hajaketi, kwa kuwa hapo ndipo anapoanza kuupima usafi wa nyumba. Mtumishi haandiki kitu. Husikiliza, hugeuka, kisha hupaza sauti kuelekea jikoni, mbili za maziwa, moja ya mkandaa, yaani isiyo na maziwa, na kabla mtu hajamaliza kuuliza hali ya jirani yake vikombe vimekwisha kuwekwa mezani, chai imemwagika kidogo visahanini, wala hapana anayeomba radhi kwa hilo, maana kisahani nacho kina kazi yake: wazee humiminia chai humo ipoe, wakainywa kwa funda fupi fupi zenye sauti. Adabu za Kizungu huikataza sauti hiyo, ilhali waonjaji wa chai wa makampuni makubwa, watu wanaolipwa kwa ulimi wao, huivuta chai kwa sauti kubwa kuliko hiyo, ili ienee kinywani pamoja na hewa na ladha yake ipambanuke. Basi mzee wa Kibokoni asihukumiwe.

Na sasa tuingie jikoni. Sufuria kubwa, lililokwisha kuwa jeusi kwa nje, hutelekwa kabla ya adhana ya alfajiri. Maji hutangulia, na ndani yake tangawizi mbichi iliyopondwa na iliki iliyotwangwa. Penye mpishi mkarimu huongezwa mdalasini, na mara chache karafuu moja au mbili, kwa kuwa karafuu ina jeuri, ikizidi hutawala chungu kizima. Maji yakiisha kuchemka na viungo kutoa harufu, majani ya chai hutiwa, yakaachwa yatokote kwa muda mfupi, ndipo maziwa yakamiminwa, mengi, pengine sawa na maji. Hapo ndipo kazi hasa inapoanza. Maziwa hupanda kwa ghafla, mpishi hupunguza moto au huliinua sufuria, povu hushuka, hulirudisha motoni, likapanda tena, naye hafanyi haraka wala haondoki, madhali anajua kwamba akigeuza uso kumjibu mtu, jiko zima litanuka maziwa yaliyoungua. Baadaye chai hupitishwa katika chujio la kitambaa, ambacho rangi yake ya asili hapana aikumbukaye, ikaingia katika birika. Na wapo mafundi ambao huimimina kutoka juu, chombo hadi chombo, mara kadhaa, ili itoe povu na utamu uchanganyike.

Kuchemka huko pamoja si mchezo wala si mazoea matupu. Ukavu ule unaoukaza ulimi katika chai ya rangi hutokana na tanini iliyomo majanini, na maziwa yana protini ambazo huishika tanini hiyo na kuipunguzia ukali. Ndiyo maana chai iliyopikwa kwa maziwa yaweza kuwa nzito mno pasipo kuwa kali, na mnywaji akapata nguvu ya jani bila ya adhabu yake. Lakini kila jambo lina kiasi. Majani yakiachwa yatokote muda mrefu hutoa uchungu ambao sukari haiuondoi bali huuficha tu, na hapa, sina budi kusema, ndipo zinapoanguka hoteli nyingi baada ya saa nne ya asubuhi, pindi makarani wa afisi na mafundi wa gereji wanapomiminika kwa chai yao ya mapumziko, na mpishi, badala ya kuanza upya, huongeza maji juu ya majani yale yale ya alfajiri.

Jani lenyewe nalo lina sehemu yake katika habari hii. Katika miaka ya 1930, huko Assam, Bara Hindi, ulibuniwa mtambo wenye magurudumu ya meno ambayo hulikata jani bichi, hulichana na kuliviringisha mara moja, hata likatoka katika umbo la chembe ndogo badala ya nyuzi ndefu zilizojikunja; na chai nyingi ya Afrika Mashariki leo hutengenezwa kwa njia hiyo. Chembe hizo hupepetwa zikagawanywa kwa ukubwa, na viwandani kila daraja ina alama yake: BP1 ndiyo kubwa, hufuatwa na PF1, kisha PD, na mwisho D1 iliyo karibu na vumbi. Kadiri chembe ilivyo ndogo ndivyo inavyotoa rangi na nguvu upesi, na mpishi mwenye foleni ya watu mlangoni huupenda upesi huo. Chai ya namna hii haikuumbwa kwa ajili ya kulowekwa kwa unyenyekevu katika maji ya vuguvugu na kutazamwa rangi yake. Imeumbwa ili ipambane na maziwa na sukari, na isishindwe.

Si watu wengi wanaokunywa kikombe hicho Mombasa ambao hukumbuka kwamba mji wao ndio mlango wa chai ya nchi nyingi. Mnada wa chai ulioanzishwa Nairobi mwaka 1956 ulihamishiwa Mombasa mwaka 1969, na humo huuzwa, kwa bei ya dola, chai ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania na hata ya Kongo, ikitoka katika maghala ya Shimanzi na Changamwe kwenda Pakistani, Misri, Uingereza na kwingineko. Kenya hupeleka ng'ambo takriban asilimia 95 ya chai yake. Kinachobaki kwa ajili ya wananchi ni kidogo, lakini kidogo hicho hakina dharau ndani yake, kwa kuwa mnywaji wa Karachi na mnywaji wa Bondeni hupika jani la mlima mmoja, tena kwa namna isiyotofautiana sana.

Wala tusidhani kwamba desturi hii imekuwapo tangu enzi na enzi. Kinywaji cha baraza za pwani kilikuwa kahawa, kahawa chungu ya dele na vikombe vidogo, nayo bado ingalipo, na muuzaji wake bado hupita akigongesha vikombe, pamoja na kashata zake. Chai ya maziwa na viungo ilishika mizizi mijini pamoja na ujio wa Wahindi wengi, baadhi yao waliojenga reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria kati ya 1896 na 1901, na wengine wafanyabiashara waliofungua maduka na nyumba za chakula kila kituo kilipozaa mji. Mmea wenyewe ulipandwa Limuru mwaka 1903. Makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yakaingia Kericho katika miaka ya 1920. Na kwa muda mrefu Mwafrika wa Kenya alikuwa na ruhusa ya kuchuma chai ya wengine na kuinywa, lakini si ya kuilima kwa faida yake, mpaka miaka ya 1950 milango ilipoanza kufunguliwa na mwaka 1964 ikaundwa mamlaka ya kuwahudumia wakulima wadogo. Hata maziwa yana tarikh yake: chama cha ushirika wa maziwa cha KCC kilianzishwa na wafugaji wa nyanda za juu mwaka 1925, na reli ile ile ndiyo iliyoteremsha bidhaa za bara kuja pwani.

Jijini Nairobi mgawanyiko wa chai umeandikwa waziwazi katika orodha za vyakula, na kila mpita njia ataujua: pana chai ya Kiafrika, yaani iliyochemshwa yote pamoja, na pana chai ya Kizungu, ambayo maji huja mbali, maziwa mbali, na jani ndani ya kifuko chenye uzi. Hii ya pili ina ukoo wake wa heshima. Hoteli ya Norfolk ilifunguliwa mwaka 1904, na katika baraza yake walowezi walikunywa chai ya alasiri kama walivyozoeshwa kwao. Na mkahawa wa Thorn Tree katika hoteli ya Stanley, uliofunguliwa mwaka 1959, ulipata sifa duniani kwa wasafiri waliokuwa wakibandika barua zao kwenye mti uliokuwa katikati yake. Mimi sina ugomvi na chai ya namna hiyo penye jani zuri, buli lililopashwa moto, na maji yanayochemka kweli kweli. Ugomvi wangu ni na mikahawa mipya ya mjini, yenye viyoyozi na viti vya kuzamia, ambayo humletea mtu bilauri ya maji yaliyokwisha kupoa njiani, kifuko kikining'inia pembeni, na maziwa ya baridi katika kijagi, kisha humtoza fedha ambazo zingewanywesha watu watano pale Makadara. Hapo hapana aliyepika chai. Mteja ameuziwa vifaa, akaachiwa kazi.

Hata hivyo insafu yataka nikiri kwamba mikahawa hiyo imefanya jambo moja ambalo hoteli za zamani zilichelewa kulifanya. Katika nyingi ya hoteli hizi ukumbi ni wa wanaume, na mwanamke aingiapo na watoto wake huelekezwa chumba cha nyuma chenye pazia, kiitwacho cha aila, ambacho mara nyingine ni faragha njema na mara nyingine ni ghala lililotiwa meza. Msichana anayetaka kuketi peke yake na kitabu chake hukimbilia kwenye kiyoyozi, na nani atamlaumu? Kasoro ya pili ni sukari. Wapishi wengi huitia sufuriani, tena kwa mkono mzito, hata mgonjwa wa kisukari hana njia ila kuagiza chai ya mkandaa na kuomba sana isitiwe kitu.

Lakini penye mahamri na mbaazi za nazi, mikahawa mipya haina la kusema. Hamri lililotoka karaini, lenye uwazi ndani na harufu ya iliki, huchanwa, likachota mbaazi, na chai ikafuata kulainisha. Huko Unguja wenzetu watakuonyesha vitumbua na mkate wa ufuta, na Dar es Salaam, katika mitaa ya Kisutu na Kariakoo, chapati na maharagwe, na kila mji una haki ya kujisifu. Mwezi wa Ramadhani hoteli nyingi za Mji wa Kale wa Mombasa hufunga mchana, na baada ya magharibi taa zake huwaka mpaka karibu na daku. Nadhani hakuna wakati ambapo chai hunywewa kwa shukrani kuliko huo.

Wenye hoteli nawaomba mambo mawili tu, ambayo hayatawagharimu sana: wapike kwa sufuria dogo mara nyingi badala ya kubwa mara moja, na sukari waiweke mezani. Nawe msomaji, ukifika Mombasa, usingoje chai ya hoteli uliyolala. Toka mapema, kabla ya saa mbili, tafuta nyumba ambayo sufuria lake linaonekana kutoka mlangoni, na kabla hujaketi uliza kama chai ni ya sasa hivi. Ukijibiwa kwamba inapikwa, ngoja.