Je, Wajua? Toki Renchi, Spana Yenye Kiasi

Je, wajua kwamba unapokaza nati ya tairi, karibu sehemu tisa kwa kumi za nguvu zako hazibani kitu? Nusu hivi huishia kwenye msuguano kati ya uso wa nati na rimu. Asilimia 40 nyingine huliwa na meno ya nati yakisuguana na meno ya bolti. Asilimia 10 inayobaki ndiyo inayoivuta bolti na kulishika gurudumu. Injini, madaraja na ndege vimefungwa kwa kutegemea kisehemu hicho, na chombo kinachomsaidia fundi kukikadiria ni toki renchi.

Bolti hushika kwa sababu imevutwa. Anayefunga gunia kwenye keria ya baiskeli kwa mpira wa tyubu analijua jambo hilo: mpira uliolegea haushiki mzigo, na uliovutwa kupita kiasi hukatika. Chuma nacho hurefuka kinapokazwa, kwa sehemu ndogo mno ya milimita, kisha hutaka kurudi kilikotoka, na huko kutaka kurudi ndiko kunakobana. Kikivutwa kupita uwezo wake hakirudi tena. Bolti ya namna hiyo yaweza kuonekana nzima kabisa mpaka siku itakapokatika barabarani.

Kuzidisha ni rahisi kuliko tunavyodhani. Toyota Vitz, gari lililojaa Dar es Salaam na Nairobi, hutaka nati zake za magurudumu zikazwe kwa nyutoni-mita 103, yaani Nm 103. Sasa chukua mtu wa kilo 70 aliyesimama juu ya spana ya tairi yenye mkono wa sentimita 30, kama tunavyoona kila siku kando ya barabara. Uzito wake peke yake, bila kuruka, ni Nm 206: mara mbili kamili ya kinachotakiwa. Akichomeka paipu ya mita moja anafika karibu Nm 690. Halafu siku ya pancha, usiku, mama wa watu anashindwa kuifungua nati na lawama anaangushiwa mtengeneza gari.

Chombo chenyewe hakikuzaliwa gereji. Sifa za uvumbuzi hupewa Conrad Bahr, aliyekuwa akifanya kazi katika idara ya maji ya jiji la New York, ambako bolti za maungio ya mabomba makubwa zilikuwa zikikazwa kupita kiasi. Hataza yake ya Marekani ilitolewa mwaka 1937. Viwanda vya magari vilikuwa tayari na kiu ya kifaa cha aina hiyo, maana injini zilikuwa zinaundwa kwa maelfu na kila mkono ulikuwa na nguvu zake.

Aina iliyo rahisi kueleweka ni ile ya mshale. Ni ufito wa chuma unaopinda kidogo unapouvuta, na pembeni yake kuna kijiti kisichobeba mzigo, hivyo hakipindi. Kijiti hicho huonyesha kwenye kipimo jinsi ufito ulivyopinda. Kanuni yake ni ile aliyoichapisha Mwingereza Robert Hooke mwaka 1678: kadiri unavyovuta, ndivyo kitu kinavyonyumbuka. Haina springi ya kuchoka wala kitu cha kurekebisha. Mshale ukitulia kwenye sifuri, iko sawa. Usipotulia, unaukunja taratibu urudi. Kasoro yake ni kwamba lazima uusome ukiwa umeukabili moja kwa moja, na chini ya gari hilo si jambo dogo.

Aina ya pili ndiyo inayojaa madukani: ile inayolia “tak”. Ndani ya mpini kuna springi unayoibana kwa kuzungusha mshiko hadi kwenye namba unayotaka. Nguvu yako inapoishinda springi, mkia wa kichwa cha spana hufyatuka na kugonga ukuta wa bomba la mpini. Hapo ndipo watu hukosea. Mlio huo haukuzuii, unakuarifu tu. Ukiendelea kuvuta, nati nayo inaendelea kukaza, na wale wanaopenda kusikia “tak-tak-tak” mara tatu wanaongeza juu ya kipimo walichokinunulia chombo. Aina ya tatu ni ya elektroniki, yenye skrini na betri. Ni nzuri, lakini kwa mtu wa nyumbani naiona ni anasa.

Ukienda kununua, acha kuuliza jina la kampuni kwanza. Uliza kipimo kinaanzia wapi na kuishia wapi. Toki renchi ya springi haiaminiki sana katika sehemu ya tano ya chini ya uwezo wake. Yenye mwisho wa Nm 200, kwa hiyo, usiitegemee chini ya Nm 40, na ndiyo sababu haifai kwa plagi, ambazo nyingi hutaka kati ya Nm 18 na 25. Kama unanunua moja tu, nunua ya soketi za nusu inchi, Nm 40 hadi 200, kwa ajili ya magurudumu. Ndogo itafuata siku utakapoanza kugusa plagi na nati ya kumwagia oili.

Angalia pia vizio. Vitabu vya magari ya Kijapani mara nyingi huandika namba tatu pamoja: Nm 103, kilo-sentimita 1,050 na pauni-futi 76. Atakayeweka 103 kwenye mstari wa pauni-futi atakuwa amekaza kwa Nm 140.

Usilipe fedha nyingi kununua usahihi usioweza kuutumia. Kiwango cha kimataifa cha ISO 6789 huruhusu kosa la asilimia 4 kwa toki renchi za springi zinazozidi Nm 10, yaani Nm 4 tu katika 103. Msuguano ni mkorofi zaidi: hata kwa spana sahihi, mvuto wa bolti unaweza kutofautiana kwa asilimia 25 juu au chini, kutegemea kutu, vumbi na mafuta. Brashi ya waya ya kusafishia meno ya bolti itakusaidia kuliko kuongeza laki moja kwenye bei. Na usipake grisi kwa wema. Namba za nati za magurudumu kwa kawaida ni za meno makavu. Grisi ikipunguza msuguano, nguvu ileile huivuta bolti zaidi ya ilivyokusudiwa.

Watengeneza injini wameutafutia ujanja msuguano huo. Bolti za silinda hedi za injini ya Toyota 1NZ-FE, iliyomo katika IST na Probox nyingi, hukazwa kwa Nm 29 tu, kisha huzungushwa robo mzunguko, kisha robo nyingine. Pembe haijali grisi.

Ukiishuku spana yako, ibane kwenye jiliwa mpini ukiwa umelala sambamba na ardhi, kisha ning'iniza dumu lenye lita 20 za maji katikati ya mshiko. Dumu likiwa na kilo moja na mshiko ukiwa sentimita 45 kutoka kwenye soketi, hiyo ni takriban Nm 93, ukiacha uzito wa spana yenyewe. Si maabara, lakini kifaa kibovu kitajulikana.

Baada ya kazi, irudishe springi kwenye namba ya chini kabisa iliyoandikwa, wala usiifungulie nati zilizoganda. Na ukienda kuziba pancha, mwombe fundi asimalizie kwa mashine ya upepo. Azifunge nati kwa mkono, kwa kuvuka upande hadi upande, gari lishuke chini, ndipo umalizie wewe. Kisha uzikague tena baada ya kilomita 100 hivi.