Roboti ya kujiundia: jinsi kigari kinavyoukwepa ukuta

Kigari kidogo kinakimbia sakafuni. Kikikaribia ukuta kinasimama, kinarudi nyuma, kinageuka na kuendelea na safari bila kuguswa na mtu. Kwa wanafunzi wengi hii ndiyo roboti ya kwanza kuiunda, na vifaa vyake ni vichache: bodi ya Arduino, mota mbili, kiendeshi cha mota, betri na kihisi cha mwangwi.

Arduino ilianza mwaka 2005 mjini Ivrea, Italia, ili wanafunzi wa usanifu wapate bodi rahisi na ya bei nafuu. Michoro yake iko wazi, ndiyo maana nakala zake zimeenea madukani.

Kihisi kiitwacho HC-SR04 hutoa sauti yenye mitetemo 40,000 kwa sekunde, ilhali sikio la binadamu huishia kwenye 20,000 hivi. Sauti hugonga ukuta na kurudi, nayo bodi hupima muda uliopita. Popo huwinda gizani kwa mbinu hiyo hiyo. Katika hewa ya nyuzijoto 20 za Selsiasi, sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya milisekunde 2, sauti imekwenda na kurudi sentimita 68.6, ukuta basi uko umbali wa nusu yake, sentimita 34.3.

Programu yenyewe ni fupi: pima umbali; ukiwa chini ya sentimita 20, simama, rudi nyuma, geuka; la sivyo, songa mbele; kisha anza upya.

Usiunge mota moja kwa moja kwenye pini ya bodi. Pini ya Arduino Uno haivumilii zaidi ya miliampea 40, na mota huweza kuvuta mamia. Kazi hiyo ni ya kiendeshi. Mota zikiwa na betri yake, unganisha upande hasi wa betri hiyo na ule wa bodi, la sivyo amri hazitafika sawasawa. Betri za lithiamu zikipiga shoti huweza kuwaka moto, hivyo watoto wazitumie mbele ya mtu mzima.

Siku kigari kitakapogonga pazia, mwalimu asiharakishe kukirekebisha. Kitambaa laini hufyonza sauti, na ukuta ulioinama huitupa pembeni. Mwache mwanafunzi apime, abadilishe namba, ajaribu tena. Hapo ndipo anapojifunza sayansi kwa mikono yake.